Maji kwanza, barafu mwisho: kupoza bia ya nyumbani ukiwa Mwanza

Kimea umeshakisaga, umekiloweka kwenye maji ya moto, umechuja, umechemsha saa nzima na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu. Moto umeuzima. Mbele yako kuna sufuria yenye lita 20 za maji ya kimea, yale matamu kama togwa iliyochujwa, na joto lake ni nyuzi 96, maana huku kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na maji huchemka kabla ya kufika 100. Hamira unayotaka kutia inapenda nyuzi 20 hivi. Bia nyingi za nyumbani huharibikia hapo katikati, kati ya 96 na 20.

Wenzetu wa nchi za baridi hufungua bomba likatoa maji ya nyuzi 10, kazi ikaisha. Sisi maji ya bomba yanatoka ziwani, na ziwa lenyewe lina nyuzi 24 hadi 27 karibu mwaka mzima. Yakishakaa kwenye tenki jeusi juu ya paa mchana, ni ya kuogea mtoto. Kwa hiyo mbinu yetu lazima iwe tofauti, na naweza kuieleza kwa maneno manne: maji kwanza, barafu mwisho.

Kwa nini tunakimbizana na joto

Bibi yangu, upande wa Magu, alipoza pombe yake ya mtama kwa kuigawa kwenye mitungi na kuiacha usiku kucha. Ilikuwa pombe nzuri. Lakini pombe ile hunywewa ndani ya siku mbili tatu na uchachu ni sehemu ya utamu wake. Bia ya kimea na hopsi huchachuka wiki mbili, kisha hukaa wiki mbili nyingine kwenye chupa. Kijidudu kilichoingia siku ya kwanza kinapata mwezi mzima wa kufanya kazi yake.

Vijidudu hivyo hustawi kuanzia joto linaposhuka chini ya nyuzi 60. Maji ya kimea ni sukari na chakula kitupu, na hamira bado haijaingia kulinda nafasi yake. Kila dakika unayopunguza hapo ni faida.

Sababu ya pili iko juu zaidi, kwenye nyuzi 80 na kuendelea. Kimea cheupe cha shayiri kikiwa cha moto huendelea kutoa kitu kinachoitwa daimethaili salfaidi, chenye harufu ya kabichi au maji ya mahindi ya kuchemsha. Wakati wa kuchemsha huondoka na mvuke, ndiyo maana tunachemsha bila mfuniko. Ukizima moto ukafunika na kuacha, hakina pa kutokea. Hopsi nazo kwenye joto hilo huendelea kutoa uchungu ambao hukuupangia. Na protini zikishtuliwa na baridi ya ghafla hugandana vipandevipande na kutua chini, bia ikatoka angavu.

Bia yangu ya pili niliifunika na kuiacha jikoni hadi asubuhi. Ilipokomaa ilinuka kabichi na ilikuwa na ukali wa maziwa yaliyochacha. Nilimwaga lita 19 kwenye mtaro, na iliniuma sana, kwa sababu kimea kile cha shayiri nilikuwa nimekiagiza kikaja kwa basi kutoka Dar es Salaam.

Hesabu ya barafu

Naomba uipitie hesabu hii hata kama hupendi hesabu, kwa sababu ndiyo inayookoa fedha. Kushusha lita 20 kutoka nyuzi 96 hadi 22 ni kuondoa joto la kilojuli 6,200 hivi. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka, na maji yake yakapanda hadi nyuzi 20, hubeba kilojuli 418. Gawanya: unahitaji kilo 15 za barafu. Friza ya kawaida ya nyumbani haigandishi kiasi hicho kwa usiku mmoja, na nyama za watu zitakuwa zimetolewa nje.

Sasa angalia maji ya bomba yenye nyuzi 26. Weka sufuria kwenye karai lenye ndoo mbili, yaani lita 40. Joto likilingana, vyote vinakutana kwenye nyuzi 49. Mwaga, tia ndoo mbili nyingine: vinakutana kwenye 34. Hujatumia hata punje ya barafu na sehemu kubwa ya safari imekwisha. Kutoka 34 hadi 22 kumebaki kilojuli 1,000, kazi ya kilo mbili na nusu kwa hesabu, na kilo nne kwa hali halisi kwa sababu barafu hupoza pia karai na maji yake.

Kilo hizo nne ukizitupa mwanzoni, sufuria ikitoka jikoni, zitayeyuka mara moja na kukushushia nyuzi ishirini na kitu. Kazi hiyo maji ya ndoo yangeifanya bure. Nimeona watu wakianza na barafu kwa sababu ndipo joto linapotisha, kisha wanafika 35 wameishiwa na hawana tena kitu chenye baridi kuliko hewa.

Siku moja kabla

Jaza maji chupa nne za lita moja na nusu, acha nafasi ya vidole vitatu juu kwa sababu barafu hutanuka, ulaze kwenye friza. Ukiwa huna friza, nunua mabonge kwa jirani anayeuza barafu. Ukikaa karibu na Mwaloni Kirumba utapata barafu ya samaki kwa wingi. Hiyo inafaa kabisa nje ya sufuria, lakini isiguse kamwe kinachoingia kwenye bia.

Teka maji jioni, ndoo nne hadi sita, uyaweke sehemu yenye kivuli na upepo. Sisi tunaokaa milimani kati ya mawe tunajua kwamba asubuhi presha ya bomba inaweza kuwa imekufa, na hutaki kugundua hilo moto ukiwa umeshazimwa. Miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, zungushia ndoo kitambaa kilicholowa. Upepo mkavu ukikipiga, maji hushuka nyuzi kadhaa kwa asubuhi.

Mimi huwasha moto saa kumi na moja alfajiri ili kupoza kuangukie saa tatu asubuhi, kabla paa na mawe havijaanza kurudisha joto. Usiku pia ungefaa, ila ukipikia nje wale wadudu wadogo wa ziwani hujaa kama moshi kwenye taa, na sufuria iliyo wazi huwakusanya.

Njia ya karai, hatua kwa hatua

Hii ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza, maana vyombo vyote vipo kwenye nyumba yoyote iliyowahi kufanya shughuli.

1. Zikibaki dakika 15 za kuchemsha, zamisha mwiko wa chuma ndani ya sufuria. Mfuniko uoshe, uumwagie maji yaliyochemka. Kuanzia hapa, chochote kitakachogusa maji ya kimea kiwe kimepita kwenye moto au kwenye maji ya klorini na kusuuzwa kwa maji yaliyochemshwa.

2. Panga vipande vitatu vya tofali ndani ya karai kama mafiga. Sufuria ikikaa juu yake, maji yanapita chini pia, na chini ni sehemu kubwa ya kupoteza joto. Ukikosa karai la bati, beseni kubwa la plastiki linafaa kwa sababu ya tofali hizo.

3. Zima moto. Sufuria ibebwe na watu wawili, kila mmoja na kitambaa kikavu, watoto wakiwa nje ya njia. Kitambaa kibichi hupitisha joto mkononi mara moja, na lita 20 za maji yenye sukari yanayochemka huunguza kuliko maji matupu kwa sababu hunata kwenye ngozi. Kama uko peke yako, usiibebe: acha sufuria ilipo na utumie koili, yaani bomba lililoviringwa linalopitisha maji ya kupozea, nitakayoieleza hapa chini.

4. Mimina ndoo mbili za kwanza kwenye karai, kiwango cha maji kikaribie kiwango cha maji ya kimea lakini kisizidi, sufuria isije ikaelea na kupinduka.

5. Koroga. Watu wengi huacha hatua hii wakidhani haina maana, kumbe ndiyo nusu ya kazi. Maji ya kimea yaliyogusa ukuta wa sufuria hupoa na kubaki hapohapo yakiwakinga wenzao wa katikati. Kwa nje ni hivyohivyo, maji ya moto huning'inia kwenye bati. Ukizungusha ndani kwa mwiko na nje kwa mkono au kata, muda hupungua karibu nusu. Ndani zungusha taratibu, usirushe povu wakati bado ni ya moto.

6. Usingoje joto lilingane kabisa. Maji ya karai yakifika joto la kuoga, yatoe na uweke mengine. Yale ya kwanza usiyamwage: ni maji ya moto ya bure, na vyombo vya kimea vinavyonata vinakusubiri.

7. Joto la ndani likishuka chini ya 70, funika, na ufunue tu kukoroga na kupima. Juu ya hapo mvuke hufukuza vumbi na kubeba ile harufu ya kabichi. Chini ya hapo, kila kinachoanguka kinaweza kuishi.

8. Kipimajoto kikisoma kati ya 35 na 40, toa maji yote ya karai isipokuwa kama lita kumi, na sasa tia barafu. Vunja mabonge, maana vipande vidogo hupoza haraka kuliko bonge moja. Chupa zilizoganda tia kama zilivyo na uzizungushe zikigusa sufuria. Endelea kukoroga hadi 22 au chini yake.

Kwangu yote hii huchukua dakika 40 hadi 50. Siku ambayo mtoto wa dada yangu ananisaidia kuzungusha maji ya nje, tunamaliza mapema zaidi.

Jambo la kipimajoto: cha kioo kikipasuka ndani ya sufuria, bia hiyo imwagwe yote. Nunua kile cha kidijitali chenye sindano ya chuma.

Ziwa liko pale, lakini usiingie nalo

Najua wazo hili linakuja kwa kila mtu anayepikia karibu na maji, Nyegezi, Bwiru, Igombe: kwa nini nisiibebe sufuria nikaisimamisha ziwani? Usifanye hivyo. Kichocho cha tumbo kipo mwaloni kote huku. Viluwiluwi vyake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi, na kusimama hadi magoti ukikoroga nusu saa ndiyo nafasi wanayoitaka. Na wimbi moja likivuka mdomo wa sufuria, umetia maji mabichi ya ziwa kwenye bia. Ukitaka kutumia maji ya ziwa, yaletwe kwa ndoo, yakae siku mbili kabla hujatia mkono, na yabaki nje ya sufuria.

Koili ya shaba

Ukishapika mara tatu nne na ukaona unaendelea, tafuta koili. Nenda kwa mafundi wa friji na viyoyozi, ununue bomba laini la shaba la inchi 3/8, mita 10 hadi 12. Ni gharama kubwa kuliko vifaa vyako vingine, lakini inadumu miaka. Bomba la alumini ni rahisi zaidi na linapoza vizuri pia. Usikubali bomba lililotolewa kwenye friji bovu hata ukipewa bure, kwa sababu ndani lina mafuta ya kompresa.

Kulikunja bila kulivunja: ziba ncha moja kwa tepu, jaza chumvi kavu au mchanga mkavu laini hadi juu, ziba ncha ya pili, kisha lizungushe taratibu kwenye sufuria ndogo iliyonyooka ubavuni. Koili iwe nyembamba kuliko sufuria yako kwa vidole vinne kila upande. Ncha zote mbili zipande juu na kuvuka mdomo wa sufuria, zikitazama nje na chini. Humo kwenye ncha ndimo unapofunga mipira ya maji kwa klipu, na viungio hivyo vining'inie nje ya sufuria, kwa sababu klipu ikivuja tone la maji mabichi, lianguke sakafuni. Suuza ndani mpaka chumvi yote iishe. Nje, ichemshe robo saa kwenye maji yenye siki kabla ya matumizi ya kwanza.

Siku ya kupika, zamisha koili zikibaki dakika 15, ichemke pamoja na kimea na kujisafisha. Hakikisha ndani haina maji yaliyobaki, maana yatachemka na kuruka kwa nguvu kupitia mpira. Moto ukizimwa, fungua maji. Mahali penye presha nzuri, funga moja kwa moja kwenye bomba. Mahali penye presha hafifu, weka ndoo juu ya meza, maji yashuke kwa uzito wake, yapite kwenye koili, yaangukie ndoo iliyo chini. Umeme ukikatika njia hii haijali. Itikise koili juu na chini mfululizo; ikitulia, inapoza maji yanayoizunguka tu.

Koili kwa maji ya bomba itakushusha hadi kama 30 na kukwama, na hilo si kosa la koili: maji ya nyuzi 26 hayawezi kupoza kitu chini ya 26. Hapo ndipo unapobadilisha ndoo ya juu ukaweka maji ya barafu, na yale yanayotoka chini unayarudisha juu yazunguke tena. Kilo nne zilezile. Ukimaliza, suuza, puliza maji yote yatoke, itundike.

Vifaa vya kupozea vya sahani nyingi na vya mabomba mawili yaliyovishana vinavyouzwa nje hupoza kwa kasi sana, lakini huziba kwa mabaki ya hopsi na ndani yake huwezi kuona kama ni safi. Kwa lita 20 sioni sababu.

Barafu ndani ya bia

Kuna njia moja ya kutia barafu ndani, na naipenda kwa wenye sufuria ndogo. Pika maji ya kimea mazito, lita 15 badala ya 18. Siku mbili kabla, chemsha lita tatu za maji safi, yapoe yakiwa yamefunikwa, yagandishe kwenye vyombo vyenye mifuniko vilivyosafishwa kwa klorini, mbali na samaki. Poza lita 15 hizo kwa karai hadi nyuzi 40, kisha tumbukiza kilo zako tatu. Barafu ikiisha kuyeyuka utakuwa na lita 18 kwenye nyuzi 20 hivi. Nilipoiona mara ya kwanza nilipima mara mbili.

Chupa za plastiki zilizoganda usizitumbukize ndani. Nje ya chupa na chini ya kifuniko chake huwezi kupasafisha ukawa na hakika.

Ukikosa maji kabisa: dumu

Waaustralia wengi, kwa sababu ya ukame, huacha kupoza. Humimina maji ya kimea yakiwa bado juu ya nyuzi 85 kwenye dumu zito la plastiki lenye namba 2 ndani ya pembetatu, hulijaza hadi mdomoni, hukamua hewa, hufunga, na kulilaza ubavu robo saa ili joto lisafishe mfuniko na mshikio. Chupa laini za maji, zenye namba 1, hujikunja na kuyeyuka, usizijaribu. Hamisha kwa bomba la sufuria na mpira unaostahimili moto, si kwa kumimina.

Nimeitumia siku za mgao wa maji na inafanya kazi. Kosa langu la ile bia ya pili halikuwa kusubiri tu. Nilichemsha maji ya kimea huku mfuniko ukiwa nusu juu, na sufuria ilibaki na hewa chini ya mfuniko. Kwenye dumu chemsha dakika 90 bila mfuniko, na hopsi za mwishomwisho zichelewe dakika 20 zaidi, kwa sababu zitaendelea kutoa uchungu ndani ya dumu. Tia hamira siku inayofuata. Usiliweke dumu kwa wiki: maji ya kimea hayana uchachu wa kutosha kuzuia vijidudu vya hatari vinavyopenda mahali pasipo hewa.

Kutia hamira

Chombo cha kuchachushia kiwe tayari na safi. Hapa ndipo unapotaka povu: mimina kwa urefu, tikisa, maana hamira inahitaji hewa kuanza. Hamira nyingi za bia za kawaida zitie kwenye 18 hadi 22.

Kama barafu imeisha na kipimajoto kinasoma 27, usitie hamira hiyo kwa haraka, itatoa ladha ya ndizi mbivu na ukali wa spiriti. Funika vizuri, weka chombo kwenye beseni lenye maji, kizungushie kanga iliyolowa, elekeza feni. Saa tatu au nne kwa kawaida zinatosha. Au uwe na pakiti ya kveik, hamira ya mashambani ya Norwei, ambayo hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 30 na 40. Ukiwa nayo, unaishia hatua ya saba, unatia hamira kwenye 35, na chupa zilizoganda zinabaki kwenye friza hadi mpiko ujao.